Ufa wa Pembe ya Mlango Si Kosa la Plasta

Methali isemayo "usipoziba ufa, utajenga ukuta" hufundishwa katika kila shule, na busara yake haina ubishi. Lakini mjenzi akiichukua neno kwa neno, yaweza kumpotosha, kwa sababu haisemi ufa ulitoka wapi. Mtu anayeziba ufa bila ya kuuliza chanzo chake hakuutibu. Ameuficha tu, na utajitokeza tena.

Na uchukuliwe mfano wa shule ya sekondari iliyougawa ukumbi wake ili kupata vyumba viwili vya madarasa. Ukuta wa kugawia, yaani kiambaza, umejengwa kwa nguzo nyembamba za mbao au za bati, kisha ukafunikwa pande zote mbili kwa bodi za jasi, ambazo mafundi wengi huziita jipsamu. Katikati pana mlango. Rangi imepakwa, kiambaza kinang'aa, mkuu wa shule ameridhika na fundi amelipwa. Muhula haujaisha, mstari mwembamba kama unywele unaonekana juu ya mlango, ukianzia penye pembe na kupanda kuelekea darini. Fundi huitwa, huziba kwa unga wa jasi, hupaka rangi upya. Muhula wa pili ufa umerudi palepale. Sasa unga huitwa mbovu, fundi huitwa tapeli, na fedha za ukarabati hutoka kwa mara ya tatu.

Katika hali kama hiyo unga aghalabu hauna hatia. Kosa lilifanyika siku bodi zilipokatwa, kabla ya kopo la rangi kufunguliwa. Sababu ya kosa hilo imo ndani ya fizikia ya sekondari, wala haihitaji elimu ya juu kueleweka. Na ufa huo utaendelea kurudi hadi hapo mwalimu wa fizikia na fundi wa ujenzi watakapokutana mbele ya mlango mmoja.

KIAMBAZA CHA KALE NA KIAMBAZA CHA SASA

Ukuta wa nguzo si kitu kigeni katika Afrika ya Mashariki. Nyumba ya kukandika husimama kwa kanuni hiyohiyo: nguzo hubeba, fito hushika, udongo hufunika. Tofauti ni kwamba mahali pa fito na udongo sasa pamewekwa bodi iliyotengenezwa kiwandani. Asili ya bodi hizo ni Marekani, ambako Augustine Sackett alipata hataza mwaka 1894 kwa bodi ya matabaka ya plasta na karatasi. Bodi ya leo ni tabaka moja la jasi lililobanwa baina ya karatasi mbili ngumu. Kwa kawaida ina upana wa mita 1.2, urefu wa mita 2.4 au 3, na unene wa milimita 12.5.

Jasi yenyewe ni madini ya kalisi salfeti yaliyoshikamana na maji. Nchini Tanzania huchimbwa, mathalan, Makanya mkoani Kilimanjaro na Itigi mkoani Singida. Ikipashwa moto hadi kiasi cha nyuzi 150 za Selsiasi hupoteza robo tatu ya maji hayo na kuwa unga. Unga ukitiwa maji huyarudisha na kuwa jiwe tena. Mwalimu wa kemia anaweza kulionyesha badiliko hilo kwa jiko la mkaa na kikombe kimoja cha maji.

Sifa kubwa ya kiambaza cha aina hii ni wepesi. Ukuta wa matofali ya saruji wenye unene wa milimita 150 una uzito wa takriban kilo 300 kwa kila mita ya mraba. Kiambaza cha nguzo na bodi moja kila upande hakizidi sana kilo 25. Katika jengo la ghorofa, ambapo kila kilo hubebwa na zege la chini yake, tofauti hiyo ni kubwa mno. Kwa hiyo si haki kusema, kama wasemavyo baadhi ya watu, kwamba ukuta wa jipsamu ni ukuta wa kudanganyia. Ni ukuta wa kweli, ila una tabia zake, na asiyezijua tabia hizo atagombana nao.

Tabia ya kwanza ni hii: jasi ni ngumu inapokandamizwa, lakini ni dhaifu sana inapovutwa. Kipande cha chaki hukatika upesi mkononi kwa sababu hiyohiyo. Kinachoiwezesha bodi kustahimili kuvutwa ni karatasi iliyogandishwa juu yake. Karatasi ndiyo nondo ya bodi. Kama vile zege lisilo na nondo linavyopasuka likivutwa, ndivyo jasi isiyo na karatasi inavyopasuka. Na penye kiungo cha bodi mbili karatasi hukoma. Pale nondo imekatwa, na kazi yake imeachiwa utepe mwembamba na unga uliopakwa juu yake.

KWA NINI PEMBE, NA SI MAHALI PENGINE?

Maji ya mto yakikuta jiwe katikati ya mkondo hugawanyika na kupita kandokando, nayo hubanana na kwenda mbio pale pembeni. Kani inayopita ndani ya ukuta hufanya vivyo hivyo inapokuta uwazi wa mlango. Haiwezi kupita hewani. Hapana budi izunguke. Penye pembe kani iliyokuwa imetawanyika hubanana mahali padogo. Wataalamu hupima mkazo, yaani kani inayobebwa na kila milimita ya mraba, na penye pembe mkazo huo huwa mkubwa mara nyingi kuliko katikati ya ukuta.

Jambo hilo si la kukisia. Mwaka 1898 Mjerumani Kirsch alionyesha kwa hesabu kwamba bamba pana lenye tundu la duara, likivutwa, hubeba ukingoni mwa tundu mkazo mara tatu ya ule wa kawaida. Mwaka 1913 Charles Inglis wa Uingereza alitoa kanuni ya matundu membamba zaidi: mkazo wa ncha ni ule wa kawaida ukizidishwa kwa moja kujumlisha mara mbili ya kipeuo cha pili cha urefu wa nusu ya tundu ukigawanywa kwa nusu kipenyo cha ncha. Mwanafunzi na ajaribu. Tundu ambalo nusu ya urefu wake ni milimita 100, na ncha yake imeviringika kwa nusu kipenyo cha milimita 25, huongeza mkazo mara 5. Ncha hiyo ikichongwa hadi nusu kipenyo cha milimita 1, mkazo huongezeka mara 21. Tundu halikuongezeka hata kidogo. Ni ukali wa ncha tu uliobadilika.

Dunia ilijifunza somo hilo kwa gharama kubwa. Kati ya 1941 na 1945 Marekani iliunda zaidi ya meli 2,700 za mizigo za aina ya Liberty, na bamba zake ziliunganishwa kwa kulehemu. Baadhi yake zilipasuka, na nyufa nyingi zilianzia penye pembe za mraba za milango ya ngama, hasa pale pembe hiyo ilipokutana na mstari wa kulehemu. Mwaka 1954 ndege mbili za Uingereza za aina ya Comet zilivunjika angani, moja mwezi Januari na nyingine mwezi Aprili, na watu wote waliokuwamo walikufa. Uchunguzi uligundua kwamba nyufa za uchovu wa metali zilianzia karibu na pembe za matundu yaliyokatwa katika kiwiliwili cha ndege. Ndiyo maana madirisha ya ndege za leo yana pembe za mviringo.

Fundisho la meli za Liberty linahusu mlango wa darasa moja kwa moja. Meli zile zilikuwa na vikusanya mkazo viwili, pembe kali na kiungo, vilivyowekwa mahali pamoja. Fundi anayesimamisha bodi moja hadi kwenye mwimo wa mlango, kisha akaziba pengo la juu kwa kipande kidogo, amefanya kosa lilelile. Ameiweka pembe penye mkazo mkubwa, na penye pembe hiyohiyo ameikata nondo. Kiungo kinapanda wima kutoka pembe hadi dari, na ufa utakapokuja utaifuata njia aliyoichora yeye mwenyewe.

KANI ZATOKA WAPI?

Msomaji aweza kuuliza: kiambaza hakibebi paa wala ghorofa, kinavutwa na nini? Wavutaji ni wanne.

Wa kwanza ni mlango wenyewe. Mlango wa mninga wenye upana wa mita 0.8, urefu wa mita 2 na unene wa milimita 40 una ujazo wa mita za ujazo 0.064. Mninga mkavu una takriban kilo 640 kwa mita ya ujazo. Basi mlango huo una kilo 41, na uzito wake ni kama nyutoni 400. Kitovu cha uzito kiko mita 0.4 kutoka bawaba, kwa hiyo momenti ni nyutoni-mita 160. Ikiwa bawaba ya juu na ya chini zimeachana kwa mita 1.5, bawaba ya juu huuvuta mwimo kwa nyutoni 107 usiku na mchana, hata kama hakuna mtu.

Lakini hatari hasa ni kishindo. Mlango huohuo, ukingo wake ukija kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde, una nishati ya mwendo ya jouli 27. Ukisimamishwa penye kitasa katika umbali wa milimita 5, kani ya wastani ni kama nyutoni 5,400, sawa na uzito wa zaidi ya nusu tani. Ukifungwa hivyo mara 20 tu kwa siku, katika siku 190 za masomo mwimo hupokea nyundo 3,800 kwa mwaka. Kibanzi cha mpira kinachouongeza umbali wa kusimama kuwa milimita 10 huipunguza kani hiyo kwa nusu. Bei yake ni ndogo mno, na bado ni milango michache inayokuwa nacho.

Wa pili ni mbao. Mbao mbichi ya msindano yenye upana wa milimita 100 yaweza kusinyaa milimita 3 au zaidi inapokauka, ingawa urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Mbao iliyozoea unyevu wa Dar es Salaam ikipelekwa Dodoma wakati wa kiangazi itaendelea kukauka ukutani, ikiivuta bodi iliyopigiliwa juu yake. Nguzo za bati hazisinyai, lakini hupindika na kutikisika kwa urahisi zaidi.

Wa tatu ni jengo. Zege la ghorofa ya juu hushuka kidogo linapobebeshwa watu na vitu. Kwa kipimo kinachotumiwa sana cha sehemu 1 katika 360 ya urefu wa upana unaovukwa, zege linalovuka mita 6 laruhusiwa kushuka karibu milimita 17. Kiambaza kilichokazwa baina ya sakafu na zege hilo hubanwa, na mahali dhaifu kuliko pote ni pale pembamba juu ya mlango.

Wa nne ni hewa. Bodi za jasi hutanuka na kunywea kwa unyevu wa hewa. Ukuta wa mita 10 waweza kubadilika kwa takriban milimita 3 unyevu wa hewa unapotoka asilimia 40 kwenda asilimia 80. Milimita 3 ni kitu kidogo kwa jicho, lakini ni kitu kikubwa kwa unga uliokauka.

DAWA: KUZUIA KWA NGUVU AU KUACHIA KWA HIARI

Kanuni ya tiba ni moja, na yafaa ikaririwe: mahali ambapo ukuta unataka kusogea, mjenzi ama auzuie kwa nguvu ya kutosha, ama auachie nafasi ya kusogea kwa hiari. Lisilofaa ni njia ya katikati, yaani kiungo kisicho na nguvu ya kuzuia wala nafasi ya kuachia. Kiungo kilichofichwa penye pembe ya mlango ndicho hicho.

Kuzuia kwa nguvu huanza na kiunzi. Kila mwimo uwekewe nguzo mbili zilizofungwa pamoja kutoka sakafuni hadi juu. Kama nguzo ni za bati, ndani yake itiwe mbao kavu. Fremu ya mlango ifungwe imara penye nguzo hizo, hasa mkabala na bawaba na kitasa. Juu ya mlango ulazwe mti wa kizingiti cha juu, na juu yake zisimame nguzo fupi mbili. Katika uwazi wa milimita 900, nguzo hizo fupi na ziwe milimita 300 na 600 kutoka mwimo mmoja.

Baada ya kiunzi ni bodi, na hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Bodi isiishie kwenye mwimo. Iupite mwimo, na ikatwe kwa umbo la herufi L ili izunguke pembe ikiwa kipande kimoja, na karatasi yake isikatike pale penye mkazo. Kiungo na kiwe juu ya nguzo fupi, angalau milimita 200 kutoka pembe. Upande wa pili wa ukuta kiungo kiwe juu ya nguzo fupi ile nyingine, ili viungo viwili visikutane mgongo kwa mgongo.

Mkato wa pembe ya ndani ya L nao una siri yake. Msumeno ukipita pembe hata kwa milimita 10, umeacha mwanzo wa ufa. Afadhali fundi atoboe tundu dogo kwa kekee mahali pembe itakapokuwa, kisha aikate bodi hadi kwenye tundu na kusimama. Ncha ya mviringo hupunguza mkazo, kama Inglis alivyoonyesha. Fremu na mbao za urembo zitalifunika tundu hilo, na hakuna atakayelijua isipokuwa fundi.

Skrubu ziachane kwa milimita 200 hadi 300, zisikaribie mno ukingo wa bodi, na kichwa chake kizame kidogo bila ya kuichana karatasi. Skrubu iliyoichana karatasi haishiki chochote ila unga. Juu ya mlango bodi isipigwe skrubu mara mbili, penye mti wa kizingiti na tena penye fremu, ikiwa mti huo ni mbichi, kwa maana utausogeza ukuta unapokauka. Viungo vifunikwe kwa utepe wa karatasi uliolazwa ndani ya unga mbichi, kisha vipakwe mara mbili zaidi, kila tabaka likikauka kabla ya jingine. Utepe uliobandikwa juu ya unga uliokwisha kukauka ni pambo tu.

Kuachia kwa hiari ni upande wa pili wa kanuni. Juu ya kiambaza kiachwe mwanya wa milimita 10 hadi 20 chini ya zege, na bodi zisipigwe skrubu kwenye mkanda wa juu, ili zege lishuke bila ya kuugusa ukuta. Ukuta mrefu, unaozidi mita 9 hivi, uwekewe mwanya wa makusudi uliofunikwa kwa ukanda unaoweza kunyumbuka. Katika ukuta kama huo mianya miwili yaweza kupandishwa kutoka pembe zote mbili za mlango hadi dari. Msomaji makini atasema kwamba hapo kiungo kimerudishwa penye pembe. Ni kweli, lakini sasa ni kiungo kinachojulikana, kilicho wazi, kinachoruhusu mwendo. Hakijifanyi ukuta.

Kanuni hiyo haiishii kwenye jasi. Katika nyumba ya matofali lenta huwekwa juu ya mlango, nayo haikatwi sawasawa na uwazi. Huingia ukutani angalau milimita 150 kila upande ili kani ya pembe ipate mahali pa kutulia. Katika zege lenye tundu, wahandisi huongeza nondo za mshazari penye pembe. Lenta iliyoingia ukutani, nondo ya mshazari na bodi ya umbo la L hufundisha jambo moja: pembe na ivukwe na kitu kizima.

HOJA ZA WANAOPINGA

Hoja ya kwanza ya mafundi ni kwamba kukata umbo la L ni kupoteza bodi. Hoja hiyo na ipimwe. Kwa mlango wenye uwazi wa mita 0.9 kwa mita 2.1, vipande vinavyokatwa upande mmoja wa ukuta vina jumla ya mita za mraba 1.89, yaani theluthi mbili ya bodi moja ya mita 1.2 kwa 2.4. Pande zote mbili ni bodi moja na theluthi. Hasara hiyo si ndogo, lakini si hasara yote, kwa kuwa vipande hivyo ni virefu na hufaa juu na chini ya madirisha au penye miisho ya ukuta. Fundi anayepanga mikato yake kwa penseli kabla ya kushika msumeno huvitumia karibu vyote. Na kinachobaki, kikilinganishwa na gharama ya kumwita fundi na mpaka rangi kila muhula, ni kitu kidogo.

Hoja ya pili ni ya wasimamizi, kwamba fundi anajua kazi yake na si juu ya wengine kumfundisha. Hoja hii inasikika kama heshima, lakini kwa kweli ni kumtelekeza. Mara nyingi mchoro aliopewa fundi hauonyeshi bodi zikatwe vipi. Unaonyesha ukuta na mlango tu. Malipo yake ni kwa mita za mraba, hivyo kila dakika ya kukata L ni dakika anayojinyima. Kisha ufa unapotokea ni yeye anayelaumiwa na kukatwa malipo. Si haki kumlipa mtu kwa haraka na kumdai uimara.

Yafaa basi mambo mawili yabadilike katika kazi za umma. Mosi, hati ya kazi iwe na mchoro wa pembe ya mlango, mmoja tu, unaoonyesha nguzo, L na mahali pa viungo, na malipo ya mikato hiyo yatajwe. Pili, msimamizi aende kukagua baada ya bodi kupigwa skrubu na kabla ya utepe na unga. Saa hiyo kosa huonekana kwa macho na husahihishwa kwa nusu saa. Baada ya rangi kupakwa kosa limezikwa, na ukaguzi wa siku ya makabidhiano hukagua rangi tu.

UFA ULIOKWISHA KUTOKEA

Ufa uliopo tayari usizibwe mpaka usomwe. Ufa ulionyooka wima kutoka pembe hadi dari hueleza kwamba kuna kiungo chini yake. Ufa unaopanda kwa mshazari katika bodi nzima hueleza kwamba kiunzi kinatikisika, au jengo linashuka kuliko kiasi. Ncha ya ufa na iwekwe alama ya penseli pamoja na tarehe, na upana wake upimwe kila mwezi kwa muda wa muhula mmoja. Ufa uliotulia huzibwa kwa utepe na unga. Ule unaoendelea kukua hauna dawa ya unga: hapana budi fremu ikazwe, mlango uwekewe vibanzi vya mpira, na ikibidi bodi iliyo juu ya pembe iondolewe na kubadilishwa kwa kipande cha L. Na ikiwa ufa wa mshazari waonekana pia katika kuta za matofali zinazobeba jengo, shauri hilo si la fundi wa jasi tena, aitwe mhandisi.

MLANGO WA DARASA NI MAABARA

Jaribio la somo hili halihitaji chombo chochote cha kununuliwa ng'ambo. Zichukuliwe karatasi tatu za manila zenye ukubwa sawa, na katika ukingo wa chini wa kila moja ukatwe uwazi wa mlango. Ya kwanza iwe na pembe kali, ya pili iwe na pembe zilizoviringwa kwa sarafu, na ya tatu ikatwe wima kutoka pembe hadi juu, kisha iunganishwe kwa ukanda mwembamba wa karatasi na gundi. Kila moja ishikwe kwa vibanio pande mbili, ining'inizwe kwa upande, na upande wa chini utundikiwe ndoo inayojazwa maji kikombe kwa kikombe. Wanafunzi waandike ni vikombe vingapi vilivyoipasua kila karatasi, na ufa ulianzia wapi. Kisha na waende kwenye milango ya shule, wachore nyufa wanazoziona, na waandike sababu wanayoidhania. Darasa la namna hiyo litakuwa limejifunza fizikia, hesabu na uraia kwa wakati mmoja, maana jengo la shule ni mali ya wananchi.

Tangu waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, Tanzania imesema mara nyingi kwamba elimu ya kitabu na kazi ya mkono zisitengane. Pembe ya mlango ni mahali padogo pa kupimia kama neno hilo limetekelezwa. Yuko mwanafunzi anayeweza kuandika kanuni ya mkazo ubaoni bila ya kosa, na nyuma ya mgongo wake ufa unapanda darini bila ya yeye kuona uhusiano. Na yuko fundi aliyeuziba ufa huo mara tatu, anayejua kwa mkono wake kwamba utarudi, lakini hajaambiwa kwa nini. Kila mmoja ana nusu ya maarifa.

Methali na ibaki kama ilivyo, kwa kuwa imewafaa watu wengi. Ila mwalimu atakayeifundisha tena na aongeze swali moja mbele ya darasa lake: kabla ya kuziba, nani amejua ufa huu unaanzia wapi? Jibu likipatikana, kazi ya kuziba itafanywa mara moja tu.